Kikombe Kinarudi kwa Wenyewe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mheshimiwa Mkuu wa Bandari. Maafisa wa jeshi la majini, mliokubali kuja na sare zenu nyeupe kwenye gati letu lenye grisi. Viongozi wetu wa dini, mlioketi benchi moja chini ya turubai moja. Ndugu wa familia za mabaharia. Wapiga mbizi wenzangu, mafundi wa karakana, pamoja na wake, waume na watoto wenu. Ndugu wageni waalikwa, nawasalimu nyote kwa heshima.

Karatasi niliyopewa asubuhi inasema salamu ziishie hapo. Lakini kwenye kiti cha pili kutoka kushoto ameketi mama mmoja mwenye begi la kitambaa mapajani, na tangu nisimame ananitazama kana kwamba ananipima mabega. Karatasi yangu imemweka kwenye kundi la wageni wengineo. Mheshimiwa, naomba ruhusa yako nimtoe huko. Mama yetu, fundi cherehani, shikamoo.

Marahaba yako nimeisikia, Mama, ingawa umeitamka kama mtu mwenye pini mdomoni.

Ndugu zangu, mimi si msemaji. Kazi yangu ni kushika kamba. Kwa wageni wasioijua kazi hii, nieleze kidogo. Mpiga mbizi akiteremka, hufungwa kamba kifuani, na juu, ukingoni mwa boti, husimama mtu aliyeshika upande wa pili. Chini hakuna maneno, kuna kuvuta. Akivuta mara moja, anasema nimefika, niko salama. Akivuta mara mbili, anasema niongezee kamba. Akivuta mfululizo, anasema nitoe, na hapo huulizi sababu. Siku hizi tuna simu ndani ya kofia, na ni nzuri, lakini simu hukatika katikati ya neno. Kamba haina salio wala haina mtandao, na tangu niishike haijawahi kunidanganya.

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, upande wa pili wa kamba hiyo amekuwa mtu mmoja tu, ambaye sote hapa tunamwita Kasa. Jina hilo alipewa na mafundi wa zamani kwa sababu hana haraka. Kuvaa mavazi ya kuzamia tu, wenzake hunywa chai wakamaliza na wakaosha vikombe. Lakini kasa akienda baharini hurudi ufuko ule ule, na huyu naye hurudi. Zaidi ya hapo, Kasa ni shemeji yangu. Amemwoa dada yangu, na siku nilipokabidhiwa kamba yake kwa mara ya kwanza dada alinivuta pembeni akaniambia maneno ambayo hayamo katika kanuni yoyote ya bandari: "Nimekupa mume wangu nikiwa nimemshika. Nirudishie ukiwa umemshika." Dada, leo ni mara ya mwisho. Baada ya leo umshike mwenyewe.

Tumekusanyika kwa mambo mawili. La kwanza ni kuzindua boya lile la manjano mnaloliona kule nje, upande wa kushoto wa njia ya meli. La pili ni kumuaga Kasa, anayestaafu, na ambaye kabla jua halijapanda sana atazama kwa mara ya mwisho akiwa mtumishi wa bandari hii. Nimeombwa nieleze mambo haya mawili yamekutana wapi. Maandishi kwenye boya ni mafupi: "Kaburi la vita. Usitie nanga. Usizamie. Usichukue kitu." Maneno ni machache, lakini njia iliyotufikisha kwenye maneno hayo ilikuwa ndefu, na ndani yake kuna mtu aliyekuja hapa akitaka jambo moja tu, jambo la haki kabisa, na hakulipata.

Mwaka jana bandari ilianza kupima sakafu ya bahari ili njia ya meli ipanuliwe. Mashine ya wapimaji ikachora kitu kirefu, chembamba, kimelala ubavu kama fimbo iliyosahauliwa. Wapimaji wakasema ni bomba. Kasa akatumwa akaangalie bomba. Alipopanda juu na kuvuliwa kofia, aliketi kwanza ukingoni mwa boti. Kisha akaniambia, "Shemeji, ni nyambizi. Ile yetu."

Ile yetu. Wazee mliopo hapa hamhitaji kuelezwa. Ni nyambizi ya jeshi letu iliyotoka wakati wa vita na haikurudi, na familia za waliokuwemo zikapata taarifa yenye neno moja: imepotea. Hebu tulitafakari neno hilo. Mtu akifa, tunajua la kufanya. Tunalia, tunazika, tunapokea wageni, tunaendelea. Je, mtu akipotea? Mke avae nguo za msiba, au aendelee kuweka sahani ya pili mezani? Mtoto akiulizwa shuleni baba yako yuko wapi, ajibu nini? Kilichopotea kinaweza kupatikana, na hapo ndipo ukatili wa neno lile ulipo, kwa sababu liliwafanya watu wangoje.

Sasa niwaeleze namna mbili za kazi yetu, kwa kuwa bila hizo hamtaelewa yaliyofuata.

Ya kwanza ni kugonga. Katika maji yetu bati halionekani vizuri, hivyo bati husikilizwa. Mpiga mbizi hubeba nyundo ndogo, na kabla ya kugusa chochote hugonga. Bati lililooza hutoa sauti fupi, kama unagonga mkate uliokauka. Bati zima huitika. Kasa aliigonga nyambizi ile kuanzia mbele hadi nyuma. Mbele imepasuka, mchanga umeingia na kujaa. Nyuma ni nzima. Mlango wa juu umefungwa, na bati lake, kwa maneno yake mwenyewe, limelia kama siku lilipotoka kiwandani.

Ya pili ni desturi ya zamani ya karakana, nayo husema: hujafika chini mpaka utuletee chini. Hapo zamani walikuwepo wapiga mbizi waliokuwa wakiteremka nusu ya njia, wakaning'inia pale wakipumzika, kisha wakapanda na kuapa kwamba wamegusa sakafu. Wasimamizi wa enzi hizo wakaamua kwamba kila anayezama mahali kwa mara ya kwanza alete kitu cha huko. Jiwe, kipande cha mnyororo, chochote. Vitu hivyo tumeviweka kwenye rafu moja iliyo juu ya meza yenye jiliwa la kubania vyuma, na kila kimoja kina kibandiko cha mahali kilipotoka. Kuna kiatu cha mpira. Kuna bomba la choo cha meli ya mizigo. Kuna mguu wa kiti ambao kwa miaka tuliwaonyesha wageni tukisema ni wa meli ya mfalme fulani, mpaka mpishi wa kantini alipoingia siku moja akautambua.

Siku ile Kasa alifuata desturi. Pembeni ya mpasuko, juu ya mchanga, palikuwa na kikombe cha bati cheupe, rangi imebanduka ukingoni, na chini ya kitako mtu alikuwa amekwaruza alama ndogo kwa msumari. Akakichukua. Akakileta. Kikapata kibandiko chake na kikawekwa kwenye rafu. Baada ya wiki chache, mtu mmoja, na sijui ni nani, akaona kinafaa kuwekea brashi za rangi.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Mkulima asingefanya kosa lile, wala dereva, wala mwalimu. Ni kosa ambalo sisi tu tungeweza kulifanya: tulitaka kuthibitisha kwamba tumefika kaburini, tukathibitisha kwa kuchukua kitu kaburini. Kazi ilikuwa imetufundisha vizuri mno.

Tarehe kumi na mbili mwezi wa sita, Jumanne asubuhi, Mama huyu aliingia karakana akiwa na begi hilo hilo. Alikuwa amesikia habari redioni akiwa kwenye cherehani yake, anapinda sketi za wanafunzi, na alituambia kwamba sindano ilitoka nje ya kitambaa ikaendelea kushona hewa. Baba yake alikuwa fundi wa injini katika nyambizi ile. Alipoondoka, Mama alikuwa bado tumboni. Hajawahi kumwona, na picha haikubaki. Alichoachiwa na mama yake ni kipimo kimoja tu: baba yako, akiingia jikoni, alikuwa akiinama. Na mama yake alipokaribia kufa aliagiza kwamba ubavuni mwa kaburi lake paachwe nafasi.

Kasa alikuwa amekaa kwenye kigoda, anafunga bomba la hewa lililovuja. Mama akasimama mbele yake.

"Mwanangu, ni wewe uliyemwona baba yangu?"

Kasa ana wajukuu wanaosoma sekondari, na sidhani kama kuna mtu aliyekuwa amemwita mwanangu tangu mama yake afariki. Akainuka, akajifuta mikono.

"Mama, nimeiona nyambizi. Baba yako sijamwona."

"Lakini yumo."

"Yumo."

Mama akafungua begi akatoa shuka jeupe, limeshonwa pindo kwa mkono pande zote nne. Alikuwa amekwenda kwenye nyumba ya zamani, akaupima mlango wa jiko, akaongeza kiasi cha mtu anayeinama, akakata. "Basi nimemletea nguo yake," akasema. "Nitolee nimpeleke kwa mama."

Wapiga mbizi wenzangu, mlikuwepo. Mnakumbuka jinsi tulivyokuwa hodari ghafla wa kutazama sakafu. Kasa, kwa kutaka kumfariji, akafanya jambo ambalo pengine mimi pia ningelifanya. Akakishusha kile kikombe kwenye rafu, akazimwaga brashi, akakifuta kwa kitambaa, akampa kwa mikono miwili.

Mama akakigeuza. Akaigusa ile alama kwa kidole gumba.

"Hii ni alama ya baba yangu?"

"Sijui, Mama."

"Sasa unanipa cha nani?"

Kasa akazitazama brashi zilizomwagika mezani.

"Na hizo brashi zilikuwa zinafanya nini humu?"

Mama akakiweka kikombe juu ya meza, taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe cha jirani. Akasema hatakichukua, kwa sababu kama si cha baba yake ni cha baba wa mtu, na yeye anajua inavyokuwa kukaa bila hata kikombe. Alichotaka ni baba yake, na hataondoka bila yeye.

Jioni hiyo alikuwa apange chumba kwenye nyumba ya wageni. Dada yangu alipopata habari hakumuuliza mumewe wala hakuniuliza mimi. Alikwenda akalichukua begi lake, na mwenye begi akamfuata. Amekaa kwao wiki zote zile. Naambiwa hakuna pazia katika nyumba ile lililobaki na pindo la zamani.

Ndugu zangu, hapa lazima nimtaje ndugu yetu mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye leo ameketi safu ya nyuma kabisa, karibu na njia ya kutokea. Karibu mbele, ndugu yangu, kiti kipo. Sitakusema vibaya. Mnunuzi huyu alikuja na pendekezo lililokuwa tamu kila upande. Alisema ataiondoa nyambizi bila gharama yoyote kwa bandari, njia ya meli itapata nafasi, mabaki ya mabaharia yatakabidhiwa kwa familia, na yeye atabaki na chuma tu. Akaenda kumwambia Mama, kwa sauti ya upole, kwamba atamtolea baba yake bure. Cha bure kina mvuto wake, lakini tusiwe wepesi kumcheka, kwa kuwa wengi wetu tuliona ni jambo la heri. Nani angesimama mbele ya mwana anayetaka kumzika baba yake akamwambia hapana? Mimi nisingeweza.

Tukaitwa ofisini kwa Mheshimiwa Mkuu wa Bandari. Mheshimiwa atanisamehe nikisema feni ya ofisi yake ina kelele kuliko winchi yetu. Barua ya ruhusa ilikuwa mezani, na kalamu imeshafunguliwa. Mama alikaa upande mmoja, shuka likiwa mapajani, na mnunuzi upande wa pili. Mheshimiwa akamuuliza Kasa swali la wazi: kazi hiyo inawezekana?

Kasa akasema inawezekana. Akaeleza, bila kumtisha mtu, kwamba nyuma italazimu kukatwa kwa moto, kwamba ndani yamebaki mafuta na silaha, na kwamba maji mapya yakiingia mahali palipofungwa kwa miaka yote hiyo, kilichokuwa kimetulia hakitatulia tena. Yote hayo, alisema, yana utaalamu wake. Kisha akamgeukia Mama.

"Lakini mimi nitaingia gizani na taa moja na mkono mmoja, Mama. Humo wamo wengi, na wamelala pamoja. Nikigusa mfupa, nimwite nani?"

Mnunuzi akaingilia kati, na naamini alisema kwa huruma: yeyote atakayepatikana, Mama amzike kama baba yake, Mungu anaijua nia.

Mama akamtazama. "Na mtoto wa huyo nitakayemzika," akasema, "akija kwangu kuuliza, nimjibu nini?"

Feni ikaendelea. Mheshimiwa akaishika kalamu, akaiweka. Mama akamuuliza Kasa kitu ambacho hakuna mhandisi wala afisa aliyekuwa amekiuliza.

"Ulipogonga ule mlango, ulisikia nini?"

"Bati zima, Mama. Halijaoza. Wamefunga vizuri."

"Nani alifunga?"

"Mlango ule hufungwa kutoka ndani."

Mama alianza kulikunja shuka. Alilikunja kama fundi, pindo juu ya pindo, mpaka likawa dogo la kutosha kushikwa kwa kiganja. Halafu akasema: "Ukipiga hodi ukakuta mwenyewe amefunga na haitiki, unarudi. Huvunji. Alifunga na wenzake, acheni akae na wenzake." Na akaongeza, akinyoosha kidole kwa Kasa, "Ila kile kikombe ukirudishe ulikokitoa."

Mheshimiwa akaifunga kalamu. Namsifu kwa hilo hadharani, kwa sababu najua waliokuwa wanaingoja sahihi ile, na najua njia ya meli imelazimika kupindishwa.

Mama hakulia pale. Alilia kwenye ngazi, akiwa ameegemea ukuta, na dada yangu akamshikia begi. Nasema hivi kwa makusudi. Mtasikia leo hotuba nyingine, na zitakuwa na maneno mazuri juu ya urithi, historia na heshima ya taifa, na yote ni kweli. Lakini tusijidanganye kwamba kuilinda nyambizi ile hakumgharimu mtu. Ofisi imeandika amri, jeshi limetoa bendera, karakana imeunda boya. Mama huyu ametoa baba yake. Nafasi ubavuni mwa kaburi la mama yake haitajazwa na mtu iliyekuwa ikimngoja, na yeye mwenyewe ndiye aliyeamua hivyo, mchana, akiwa na akili zake timamu. Ukipita karibu na boya lile ukatamani kuzama uchukue kumbukumbu ndogo, skrubu moja tu, nani ataona, mkumbuke yeye. Alikuwa na haki kuliko wewe, akaacha.

Kuna jambo moja nisipolisema nitakuwa nimepunguza. Wiki ile ile afisa mmoja kijana wa jeshi la majini, na namwona pale akijaribu kujificha nyuma ya kofia yake, alitujulisha kwamba mbali zaidi, kwenye maji ya kina, ipo nyambizi nyingine, ya upande wa pili wa vita. Akauliza, kwa nia njema tu, kama ile nayo tutaiwekea boya, maana hao walikuwa adui. Tulikuwa kwenye chai karakana. Mama alikuwa anatutia vifungo kwenye makoti ya kazi, kwa sababu alisema haoni raha kututazama tulivyo. Hakuinua hata kichwa.

"Mtoto wa adui naye aliulizwa shuleni baba yako yuko wapi," akasema, akakata uzi kwa meno.

Boya la pili linapakwa rangi sasa hivi. Litawekwa bahari ikitulia, na tumeandika barua kwenda kwa nchi ile, ili kama kuna watu waliobaki na lile neno imepotea, sasa wapate neno lingine. Wajue wapi. Kujua wapi si kumpata mtu, lakini waulizeni waliokaa bila kujua, watawaambia tofauti yake.

Na wewe ndugu yetu mnunuzi wa vyuma, ambaye bado hujasogea mbele, nilisema sitakusema vibaya. Mnyororo unaolishikilia boya lile, pamoja na vizito vyake vyote, umetoka kwenye yadi yako, na hukumtuma mtu, ulikuja nao mwenyewe. Tunakushukuru. Tumeugonga pete kwa pete, si kwa kukushuku, bali kwa desturi. Ni mzima.

Kasa, shemeji yangu. Watu hutarajia nikusifu kwa yale uliyoyatoa majini: nanga ulizozifungua, rafadha za meli ulizozinasua kwenye nyavu, yule nahodha mnene uliyemtoa chini ya gati akiwa hai na akikutukana. Hayo yote yana mashahidi. Mimi nakusifu kwa siku uliyoulizwa kama inawezekana, ukasema inawezekana, halafu ukamwambia mwenye haki ukweli wote uamuzi ubaki wake. Ungeweza kusema haiwezekani, ukajiondolea mzigo, na hakuna ambaye angejua. Mtu wa namna hiyo ukimshika kwa kamba, wakati mwingine hujui nani amemshika mwenzake. Dada yangu ameniomba nitangaze kwamba pipa la maji la nyumbani limewekwa kufuli, usije ukapata hamu.

Mabibi na mabwana, naelekea mwisho, maana maji hayangoji itifaki. Mambo yatakwenda hivi. Viongozi wetu wa dini wataomba, kila mmoja kwa namna yake. Boti itatoka. Kasa atateremka na kile kikombe. Tumekiosha rangi, ingawa ndani kimebaki na doa dogo la bluu ambalo halikukubali kutoka, na Mama amesema tuliache. Amelikata shuka lake. Kipande kimoja amekifungia kikombe, kwa mshono ambao maji hayataufumua upesi. Kilichobaki atakirudisha nyumbani, akizike ubavuni mwa mama yake, mahali palipoachwa wazi. Chini kule Kasa atagonga ule mlango mara tatu, kwa nyundo yake ile ile. Hatagonga kupima bati, kwa kuwa bati tunalijua. Atakiweka kikombe kwenye mchanga pale alipokiokota, na atapanda.

Atapanda mikono mitupu. Wenzangu wa karakana, lisikieni hili. Kuanzia leo, kwenye makaburi ya vita, desturi yetu ya rafu imekoma. Nitaamini kwamba amefika bila kuniletea kitu.

Nitaamini kwa sababu kamba itasema, na leo haitaniambia mimi kwanza. Leo kamba atashika Mama, mimi nikiwa nyuma yake. Jana tulifanya mazoezi hapa gatini. Nilimpa glavu akazikataa, akasema mkono wa fundi husikia uzi. Nikamfundisha ishara moja tu: ukisikia mvuto mmoja, ujue amefika kwa baba yako. Akairudia mpaka akaridhika. Kisha akaniuliza, kama yeye akitaka kujibu, anafanyaje.

Nikamwambia, "Vuta mara moja, polepole."

"Atasikia?"

"Kasa? Atasikia vizuri sana, Mama."

"Sikuulizi kuhusu Kasa," akasema.

Kamba iko tayari, Mama, na boti imewashwa. Twende ukavute.

Ndugu zangu, mmenipa masikio yenu muda wote huu, nami sina zawadi ya kuwalipa. Asanteni sana kwa kunisikiliza.